Kisima Kipi Kwanza?

Siku yangu ya kwanza kazini nilifokewa kabla hata sijavuka geti. Ilikuwa karakana ya maji ya Lodwar, uwanja wa mchanga mtupu na mabomba yamelazwa kwa safu kulingana na urefu wake, na mimi nilikuja mbio, shati jeupe, cheti ndani ya bahasha. Foremani alikuwa mzee mfupi aliyekuja Turkana ujanani akasahau kurudi kwao. Aliniuliza nakimbilia nini. Nikamwambia nimesikia njiani kwamba visima vitatu vimekufa na watu wanalia. Akasema hao watu wamelia tangu juzi, watamvumilia amalize chai, na kama nataka kazi ile nitafute kikombe nikae. Nikakaa. Moyoni nilisema huyu ni katili, na nilimhesabu hivyo kwa miezi mingi.

Sasa nimestaafu. Vijana wa idara wameniomba niandike jinsi tulivyofanya kazi zamani, hasa jinsi mtu anavyoweza kutulia na kupanga mambo yake wakati kila kitu kinamwangukia kwa pamoja. Nimekubali, lakini msinitafutie upole. Naandika nikiwa na hasira. Nina hasira na wakubwa wangu kadhaa, nina hasira na mafunzo tuliyopewa, na mtu ninayemkasirikia kuliko wote ni mimi mwenyewe, kwa sababu kule Lopur alikufa binti wa mzee mmoja siku niliyochagua kisima vibaya. Aliitwa Atabo. Nitafika kwake. Kwanza muijue kazi.

Pampu ya mkono ni kitu rahisi. Juu kuna mpini. Kutoka kwenye mpini yanashuka machuma membamba, yameungwa moja kwa lingine mpaka chini majini, na mwisho wake kuna silinda, yaani bomba fupi lenye kikombe cha mpira ndani. Hicho kikombe ndicho kinachonyanyua maji. Kikichakaa, mtu anapiga mpini mpaka jasho linamtoka na hakuna kitu, anapiga hewa tu. Kukibadilisha ni kuyavuta machuma yote juu, ukiwa na mlingoti wa miguu mitatu, winchi na watu wenye mikono ya kweli. Kazi yenyewe haina maajabu. Ugumu ni kwamba visima ni vingi, vimetawanyika kwenye nchi kubwa, na gari ni moja.

Foremani alikuwa na meza ya mbao iliyojaa grisi na kopo la nati kuukuu. Kila aliyeleta habari ya kisima kilichokufa alipewa chai, akasikilizwa mpaka mwisho, halafu Foremani akachukua nati moja akaiweka mezani. Alikuwa na maswali mawili, siku zote hayo hayo. La kwanza, je, wana pengine pa kuchota? Wakiwa napo, nati inakwenda kushoto. Wasipokuwa napo, inakwenda kulia. La pili aliliuliza kwa wale wa kulia tu: sasa hivi wanakunywa nini? Wengine walisema wanaletewa na lori, wengine wanatembea mpaka kisima cha jirani. Wengine walisema wanachimba laga, na hapo Foremani aliacha chai yake.

Kwa asiyejua, laga ni mto mkavu. Mvua ikipotea, maji hujificha chini ya mchanga wake, na wanawake huchimba kuyafuata. Siku za kwanza shimo ni la kufika magotini. Baadaye linafika kiunoni, kisha linampita mtu kichwa, mpaka wanasimama wanne au watano, mmoja juu ya bega la mwenzake, wakipokezana karai. Wa chini kabisa hamwoni wa juu. Na ule ni mchanga, haukushikwa na kitu chochote.

Siku moja chifu alimletea Foremani barua kali kuhusu pampu ya karibu na kituo chake, na Foremani akaiweka nati yake kushoto. Nilimuuliza haogopi? Akanijibu bila kuinua macho, "Ewoi, wanaochimba laga wanakwenda mbele ya watu wote, hata mbele ya hospitali. Kiu itakungoja siku mbili. Ule mchanga hautakungoja." Chifu alinuna mwezi mzima. Foremani hakumjali.

Nilikaa naye miaka sita. Sijawahi kumwona akitetemeka, na sijawahi kumwona akiharakisha mtu kusema. Nilidhani ni tabia yake tu, kwamba alizaliwa na damu baridi. Nilikuwa mjinga. Alikuwa anaogopa kama sisi sote, ila aliogopa akiwa amekaa na masikio yakiwa wazi.

Kutoka hapo nikapelekwa Kalemng'orok, chini ya Inspekta wa Maji ambaye sitasema mengi juu yake, maana nikianza sitaacha. Huyu alipanga kazi kwa kufuata barabara. Kisima cha kando ya lami kilitengenezwa leo, cha nyuma ya mlima kitatengenezwa Mungu akipenda. Nilipomuuliza sababu, aliniambia wakubwa wakipita kwenda Kitale hutazama madirishani. Nikaenda nikatengeneza cha kando ya lami, nilikuwa na watoto shuleni. Nati za Foremani nilikuwa nazo kwenye mfuko wa koti, alinipa kopo lake siku naondoka, lakini Kalemng'orok sikuwahi kuzitoa. Mtu hujifunza uoga vilevile anavyojifunza kufunga bomba, siku baada ya siku, na mimi nilijifunza vizuri.

Mwishowe nikapandishwa cheo, nikaenda Kakuma kuwa msimamizi wa mitambo ya maji. Ala, Kakuma! Nyinyi mnaokuja sasa mnaikuta na ofisi na mashine za sola, mnafikiri ilikuwa hivyo. Kulikuwa na mji, kulikuwa na kambi ya wakimbizi, kulikuwa na wafugaji pande zote, na kila upande uliniona mimi kuwa adui wa upande mwingine. Simu ilianza kulia kabla sijanawa uso. Chifu anapiga, padri anapiga, mwenye lori anapiga, mashirika yanataka takwimu, diwani anataka kujua mbona kisima cha kwao bado. Makao makuu Lodwar wakaanzisha kundi la simu ambapo watu walituma picha za mitungi mikavu na kuandika jina langu chini yake. Nilianza kusahau vitu. Nilisahau ubatizo wa mjukuu wangu. Nilifika mahali nasimama katikati ya uwanja na spana mkononi, sikumbuki nilikuwa nakwenda wapi.

Msaidizi wangu pale alikuwa mama mmoja mkimbizi kutoka Kongo, Mama Furaha, mtunza stoo. Mama wa makamo, mzito wa kucheka, na hakuna nati iliyotoka stoo yake bila yeye kujua imekwenda wapi. Aliniambia mara kwa mara kwamba nakimbia sana na sifiki. Nilimwambia atunze stoo.

Ndipo tukaitwa semina. Lodwar, hotelini, siku tatu, chai na mandazi, na mwalimu kijana kutoka Nairobi mwenye sauti laini. Alitufundisha kufumba macho na kuvuta pumzi kwa kuhesabu. Alitufundisha kuchora visanduku vinne na kugawa kazi zetu humo. Alitufundisha kusema hapana. Akatuambia kwamba simu ni mwizi wa amani, na mtu mwenye busara huizima anapofanya kazi moja, aimalize, ndipo aiwashe. Nikitaja semina hii leo watu hudhani nitaicheka. Sicheki. Nilikuwa nimechoka sana, na ile sauti laini ilinifaa kama kivuli. Nilirudi Kakuma na visanduku vyangu vinne nikiwa nimepona, au nikidhani nimepona.

Mwaka ule mvua ilikataa mara mbili mfululizo. Siku ninayoisema, asubuhi, nilikuwa na pampu nane zilizokufa kwenye daftari. Mkurugenzi wa idara alinipigia simu nikiwa navaa viatu. Kesho yake wageni wakubwa walikuwa wanakuja, wangesimama kwenye kisima fulani kando ya barabara kuu wapigwe picha, na pampu ya pale ilikuwa inapiga hewa. Nilimwambia mahali pale wana tanki na bomba, hawana shida ya maji hata kidogo. Nilimwambia nina watu wengine wasio na kitu.

"Najua wana tanki," akasema. "Nataka mgeni ashike mpini na maji yatoke. Wewe nenda pale leo, hao wengine kesho kutwa."

Ningeweza kukataa. Nilikuwa nimefundishwa kusema hapana siku tatu nzima, tena kwa chai. Lakini mwanadamu ni wa ajabu, ile hapana niliona ni rahisi kuwaambia wanyonge. Nikamwambia, "Sawa, Mkurugenzi." Nikaandika kisima chake kwenye kisanduku cha kwanza.

Nilipotoka na gari nikamkuta mzee mmoja getini, amekaa kwenye ekicholong yake, kile kigoda kidogo ambacho wazee wetu hutembea nacho. Vumbi lilikuwa limempanda mpaka magotini, kwa hiyo alikuwa ametembea tangu kabla ya jua. Nilimjua kwa sura. Alikuwa Mzee Ekal wa upande wa Lopur. Nikazima injini, nikashuka, nikamsalimu kama inavyopasa.

"Ejok, apa?"

"Ejok nooi."

Nikamuuliza watu wa nyumbani. Ejok, wazuri. Mifugo? Ejok. Watoto? Ejok. Akaniuliza na yeye wangu, mmoja mmoja, nami nikajibu ejok, ejok. Akaniuliza kama huku mjini mvua imeonekana. Akaanza kunieleza habari za ngamia mmoja wa jirani yake aliyepotea na akapatikana.

Mimi ni Mturkana. Najua jinsi mzee wa kwetu anavyoleta jambo. Hawezi kukupiga nalo usoni kama jiwe. Anasema mambo yote ni mazuri, anazunguka, anaomba tumbaku, anatafuna kidogo, na jambo lenyewe linatoka mwisho kabisa, na kadiri lilivyo zito ndivyo linavyochelewa. Mgeni asiyejua adabu zetu angemuuliza moja kwa moja, mzee, umefuata nini? Angeonekana hana malezi, lakini angejibiwa. Mimi sikuweza kumuuliza, ningekuwa nimemvunjia heshima. Basi ilinipasa kungoja. Ndivyo ilivyo kwetu, huulizi, unangoja. Sasa nisikilizeni vizuri nilichofanya. Adabu ya kutomuuliza niliishika, na ya kumngoja nikaitupa. Nilimpa tumbaku, nikamwambia apa, yaani baba, tutaongea nikirudi, nikapanda gari. Nusu ya mila ilinitosha, ile nusu iliyokuwa nyepesi kwangu.

Mama Furaha alikuwa amesimama mlangoni mwa stoo. Alikuja mpaka kwenye dirisha la gari.

"Mzee, ule muzee hajasema bado," akaniambia. "Iko na kitu mu roho. Mungojee kidogo."

Nikamwambia amesema mambo yote ni sawa, nimemsikia kwa masikio yangu. Nikaondoa gari.

Kilomita chache mbele simu ikaanza. Wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nikakumbuka semina. Nikavuta pumzi nikahesabu, nikaizima ile simu nikaitia kwenye kijaluba cha dashibodi. Niwaambieni ukweli ambao unanitia aibu hadi leo: ilikuwa siku nzuri. Nilifanya kazi taratibu kwa mikono iliyotulia. Niliyavuta machuma, nikabadilisha kikombe, nikapaka grisi kwenye mpini, nikaupaka hata rangi kwa ajili ya picha. Wenyeji walikuja na mitungi yao kutoka kwenye bomba, wamekwisha kuchota, wakasimama kunitazama. Nilikula ugali kwenye kivuli. Kichwa hakikuniuma. Nilijiambia kumbe inawezekana, kumbe miaka yote hii nilikuwa najitesa bure.

Nilirudi ofisini saa tisa alasiri. Mama Furaha alikuwa amekaa kwenye ngazi ya stoo na simu yake mkononi. Hakusimama.

"Nilikuita mara mingi," akasema. "Ulikuwa umefunga."

Halafu akanieleza. Baada ya mimi kuondoka alimchemshia mzee chai, akakaa naye chini, yeye na Kiswahili chake cha Kongo na mzee na Kiswahili chake cha kuokoteza. Mzee alimaliza ngamia, akamaliza mvua, na kikombe cha pili kilipoisha akasema alichokijia. Pampu ya kwao ilikuwa imekufa siku tisa. Wanawake wanachimba laga. Shimo limefika wanawake wanne kwenda chini, na wa chini kabisa ni binti yake Atabo, kwa kuwa ndiye mrefu kuliko wenzake. Jana mchanga ulishuka ukamfunika mpaka kiunoni, wakamvuta kwa shuka. Amewakataza wasishuke tena, lakini wana watoto wachanga pale na mbuzi wanalia, na yeye anajua akichelewa watashuka. Amekuja kumwomba fundi aje leo.

Mama Furaha aliposikia hayo alinipigia simu. Hakunipata. Akapiga tena na tena. Akawapigia watu wa makao makuu Lodwar, wakamwambia amtafute msimamizi wake. Akamtafutia mzee pikipiki, akamwambia akimbie awaambie wanawake fundi anakuja, wasiingie shimoni. Mwenye pikipiki ndiye aliyerudi na habari: mzee alifika kwake mchana. Wanawake walikuwa wanachimba kwa mikono na makarai, wanamtafuta Atabo.

Kutoka ofisi yangu mpaka pale ni mwendo usiofika saa moja kwa gari. Nimeupiga huo mwendo mara nyingi baadaye, peke yangu, kuhakikisha. Haufiki saa moja.

Nilimwambia Mama Furaha alete vikombe vya mpira vya silinda. Alikuwa navyo tayari kwenye mfuko wake. Tulikwenda, na tulipofika jua lilikuwa bado liko juu. Watu walikuwa wamemlaza Atabo chini ya mti wa ewoi, mgunga ule ulionipa jina langu, amefunikwa shuka. Mchanga ulikuwa kwenye shanga zake zote. Wanawake waliomchimba walikaa kando yake, kucha zao zinatoka damu. Hakuna aliyenitukana. Nilitamani sana mtu anitukane.

Mzee Ekal alikuwa amekaa kwenye kigoda chake. Nilimwendea nikasimama mbele yake. Yeye ndiye aliyesema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwa Kiturkana chetu.

"Nilikuwa sijamaliza salamu."

Nikaenda kwenye pampu, kwa sababu hiyo ndiyo kazi pekee niliyokuwa naijua. Nikasimamisha mlingoti. Sikuwa na watu wa kuvuta winchi, na kabla sijaita mtu, wale wanawake wakainuka, wale wale, wakaja wakashika. Tukayavuta machuma pamoja. Kikombe kilikuwa kimekwisha, kimechanika upande mmoja. Nikatia kipya. Nilitumia dakika arobaini, au chini ya hapo. Mama yake Atabo alikuja na mtungi, akausimamisha chini ya bomba, nami nikapiga mpini. Maji ya kwanza yalitoka na kutu, ya pili yakatoka meupe. Hakunywa. Alibeba mtungi akaenda nao chini ya mti, akaanza kumtoa mwanawe mchanga machoni na masikioni.

Kesho yake wageni walipigwa picha. Mkurugenzi alinipigia kunipongeza kwa rangi ya mpini, kisha akashusha sauti akasema amesikia habari za Lopur, pole sana, na katika ripoti niandike kwamba ile pampu haikuwa imeripotiwa ofisini. Alisema ni ukweli, kwani kuna barua yoyote? Niliandika ripoti yangu. Niliandika kwamba iliripotiwa, na mtu mzima, kwa miguu yake, getini kwangu, asubuhi. Niliandika kwamba nilimwacha akiwa hajamaliza kusema nikaenda kutengeneza pampu ya picha, kwa amri ya nani na kwa uoga wa nani. Sikupewa jibu. Nilipewa uhamisho, nikarudishwa Lodwar, nikasimamia uwanja wa mabomba.

Huko ndiko nilikomalizia kazi, na huko ndiko nilikolitoa kopo la nati. Miaka yangu ya mwisho hakuna aliyefika mlangoni kwangu na habari akaondoka kabla sijasikia sentensi yake ya mwisho. Wakubwa walilalamika kwamba nimekuwa mzito. Mara mbili niliitwa kujieleza. Nilikwenda, nikajieleza, nikarudi kwenye meza yangu.

Sasa nyinyi mnaniuliza, mzee, mtu afanye nini akizidiwa? Mnataka niwape visanduku. Mimi sikatai kuvuta pumzi, vuteni, ni zenu. Sikatai hata kuzima simu siku ya mapumziko, mkalale, mkacheze na watoto. Ninachokikataa ni huu utulivu wa kuziba masikio, mtu anajifungia ndani ya kazi moja nzuri huku nje wenzake wanaangamia, halafu anajisifu kwamba amejifunza kupanga. Mambo yakiwa kumi, yatakayokulilia kwa sauti ni yale yenye simu, yenye cheo na yenye picha. Yule asiye na pengine pa kwenda mara nyingi amekaa kimya mahali fulani anakuambia mambo ni mazuri. Huyo ndiye wa kwanza, na hutamjua usipokaa. Kukaa huko kunachukua muda ambao utaona huna. Mimi pia niliona sina. Kikombe kimoja cha chai, au viwili. Ndio muda niliouokoa asubuhi ile.

Siku ya kustaafu walinifanyia sherehe uwanjani, viti vya plastiki, soda, mbuzi, blanketi limefungwa kwa utepe. Mkurugenzi alikuja mwenyewe, yule yule. Alinisifu kwa muda mrefu. Alisema katika miaka yake yote hajaona mfanyakazi mtulivu kama mimi, mtu wa kupanga mambo, mtu asiyepoteza kichwa, na kwamba vijana waige utulivu wangu. Halafu akanipa nafasi niseme neno.

Nilisimama. Nikasema kwamba siku niliyotulia kuliko zote katika maisha yangu ya kazi ilikuwa siku aliyokufa Atabo binti Ekal wa Lopur, kwa sababu nilikuwa nimezima simu, na Mkurugenzi anaijua hiyo siku vizuri. Nikakaa.

Wakapiga makofi. Kwenye sherehe za namna ile watu hupiga makofi mtu akimaliza, liwe lolote alilosema, na Mkurugenzi naye akapiga. Mama Furaha, aliyekuja na basi la asubuhi kutoka Kakuma, aliweka mikono yake mapajani akaiacha pale pale.